Fungu la Zihindula

Kabla ya diski niliuza viatu, Kadutu,
vya mitumba, vya kung'arishwa kwa dawa na mate.
Miaka tisa. Hakuna fundi aliyeshona soli
aliyevuka bahari kuja kuniambia:
mama, kiatu hiki kimepata mguu wa pili,
nipe changu.

Kwa hiyo nilipohamia michezo
(vikasha vya plastiki vilivyomeguka pembe,
mpira wa mwaka juzi, magari, vita vya watu wa mbali)
nilichukua sheria ileile nikaitandika mezani:
ukinunua ni chako, ukichoka nirudishie.
Nainunua dola nne, naiuza sita,
na zile mbili ndizo sombe ya watoto.

Kisha Zihindula, mtoto wa dada yangu,
akatengeneza mchezo.
Miezi kumi na minne, kule Essence, chumba cha bati,
kwa kompyuta iliyofungwa kamba isiachane,
akivizia umeme kama mtu anayevizia kuku wa jirani:
ukija saa nane za usiku, naye ameamka saa nane za usiku.
Pikipiki inapanda Kadutu wakati wa mvua,
abiria wawili, gunia la makaa, tope.
Ukianguka, kuna mama anakucheka.
Kicheko ni changu.
Alinirekodi bila kuniambia.

Aliuza thelathini na moja, kila mchezo na flashi yake,
dola tatu tatu.
Mwezi wa pili zikaanza kuja mezani kwangu.
Vijana wamemaliza, wamechoka, wanataka kubadilisha.
Nikazinunua. Nikaziuza. Zikarudi tena.
Flashi moja yenye mkwaruzo, naikumbuka,
imepita mikononi mwangu mara tano
na mara tano imeniachia kitu.

Akaja jioni, hakukaa.
Mama mdogo, kwenye kila kumi nipe moja.

Nikacheka, kicheko kilekile cha ndani ya mchezo.
Tangu lini umekuwa mchungaji, unadai zaka?
Nikamsimulia habari ya viatu.

Akasema: kiatu kinaisha, mama mdogo.
Kila mguu unakula soli.
Mchezo wangu, mtu wa tano anaukuta mpya,
na aliyenilipa ni wa kwanza tu.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na wateja.

Usiku vidole vikahesabu vyenyewe.
Nikachukua mkebe wa maziwa ya unga,
nikatoboa kifuniko kwa kisu,
nikadondosha franka zake, na kila flashi iliyofuata
nikadondosha tena, nikinung'unika.

Sasa shida ni hii, wala sijaitatua:
zile diski nyingine nazo zina wenyewe.
Mchezo ukiisha, picha ikiwa nyeusi,
majina yanapanda, yanapanda,
kama waumini wa ibada ya kwanza wakitoka kanisani,
mamia, na vijana wanabonyeza kuyaruka.
Mmoja wao pengine alichora majani tu.
Mmoja, sauti ya mvua kwenye bati.
Kampuni ina anwani; yule wa majani hana.
Nikituma fungu, litafika kwake
au litaishia mlangoni, kwa mwenye funguo?

Na nyuma yao wote yupo aliyechimba jiwe
lililolala ndani ya mashine.
Huyo anwani yake naijua. Si mbali na hapa.
Hilo sikumwambia Zihindula.
Angeniongezea hesabu.

Leo nimefungua mkebe: franka elfu kumi na nane.
Amezihesabu mara mbili, kama mgeni.
Akazitia mfukoni, akasimama kidogo mezani,
akachagua mpira wa mwaka juzi,
akaniomba nipunguze.